Kulinda fomula za shiti ya mauzo: Protect Sheet, UserInterfaceOnly au Worksheet_Change?

karani_stoo: Faili moja la Excel, watu watatu wanajaza. Bei ziko safu ya C, fomula D hadi F. Kidole kikiteleza fomula inafutika na jumla inaharibika bila mtu kujua. Kuna makro (programu ndogo ndani ya faili) inayohamisha mauzo ya siku kwenda shiti ya Mwezi, nayo isikwame. Nichague ipi?

fundi_seli: Protect Sheet kwanza, makro ije juu yake. Seli zote huwa Locked tangu mwanzo, ila hazifungiki mpaka shiti yenyewe ifungwe. Chagua seli za kujaza tu, Ctrl+1, Protection, toa tiki ya Locked. Kisha Review, Protect Sheet. Ukifunga na Mwezi, makro yako itagoma na kutoa kosa 1004. Weka hii ndani ya ThisWorkbook (ukurasa wa kodi wa faili zima):

`Private Sub Workbook_Open()`
`Sheets("Mwezi").Protect Password:="xyz", UserInterfaceOnly:=True`
`End Sub`

Mtumiaji anazuiwa, makro inapita. Lazima ikae Workbook_Open, inayojiendesha faili likifunguliwa, kwa sababu Excel haihifadhi UserInterfaceOnly faili likifungwa. Nywila iwe ileile uliyofungia.

hesabu_safi: Worksheet_Change (makro inayojiendesha seli ikibadilishwa) pamoja na Application.Undo (inayorudisha kilichokuwepo) inafaa pale unapotaka sharti, mfano bei ikubali kupanda ila isishuke. Kabla ya Undo weka Application.EnableEvents = False (inazima makro za kujiendesha), la sivyo makro inajiita yenyewe. Hapo ndipo wengi wanaumia: kosa likitokea katikati, EnableEvents inabaki False na ulinzi wote unakufa kimya mpaka Excel ifungwe na kufunguliwa upya. Tumia On Error GoTo iende kwenye mstari unaorudisha True.

data_pwani: Kwa kufuta kwa bahati mbaya, mimi naikataa Worksheet_Change. Excel ya simu na ya kwenye brauza haiendeshi makro za VBA, kwa hiyo mlinzi hayupo. Kufuli la Protect Sheet linabaki. Halafu tangu 2022 Microsoft inazuia makro za mafaili yaliyotoka intaneti. Faili likija kwa barua pepe, bofya kulia, Properties, Unblock. Na lihifadhiwe .xlsm, kwani .xlsx inatupa makro zote.

karani_stoo: Data Validation (sharti la kinachoruhusiwa kuandikwa kwenye seli) je, kwa safu ya bei?

fundi_seli: Inazuia kuandika tu. Mtu akikopi seli nyingine na kuibandika hapo, sharti lako linafutika pamoja na bei. Funga C pia, bei zibadilishwe kwa makro yenye nywila.