Kano ya bega imechanika: mazoezi gani, na mvuvi arudi lini kuvuta wavu?

Mwana wa Kibirizi:
Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Naulizia bega la baba mdogo. Ana miaka 58, mvuvi wa dagaa hapa Kibirizi, Kigoma. Ni bega la kulia. Hakuanguka wala kugongwa, maumivu yameingia polepole, na sasa usiku hawezi kulalia upande huo. Altrasaundi imeonyesha kano ya supraspinatasi imechanika nusu ya unene wake. Mkono unapanda mpaka usawa wa uso, ila katikati ya safari anaumia sana. Ana sukari, anatumia vidonge. Ameambiwa "afanye mazoezi", bila kuonyeshwa yapi. Nyumbani nako kila mtu na lake: mmoja anataka mkono ufungwe kanga mwezi mzima, mwingine anataka akandwe na kuvutwa. Naomba maelezo ya hatua kwa hatua, kwa vifaa vya nyumbani. Na wavu atarudi kuuvuta lini?

Fizio wa Tabora:
Mpe pole mzee. Kanga na kuvutwa, vyote viwili acheni. Mtu mwenye sukari akifungwa mkono wiki kadhaa, bega huganda, na bega lililoganda linaweza kumsumbua mwaka mzima au zaidi. Kuvutwa kwa nguvu kunaivuta kano ileile iliyochanika.

Bega lina kano nne zinazoshika kichwa cha mfupa wa mkono kikae katikati ya kikombe chake wakati msuli mkubwa wa juu unanyanyua. Supraspinatasi ni ya juu, inapita chini ya paa la mfupa wa bega. Zikilegea, kichwa cha mfupa hupanda na kuibana kano kwenye paa hilo, ndiyo maana anaumia katikati ya safari. Kazi ya mazoezi ni kuzipa nguvu zilizobaki. Mpasuko wenyewe unaweza usizibe na mkono ukafanya kazi vizuri. Mwaka 2013 kulichapishwa utafiti wa Marekani wa watu 452 waliokuwa na kano iliyochanika unene wote, bila ajali. Walipewa mazoezi, na baada ya miaka miwili waliofanyiwa upasuaji hawakufika robo yao. Ya mzee imechanika nusu tu.

Wiki 2 za mwanzo. Ainame, mkono wa kushoto uegemee meza, wa kulia uning'inie umelegea kabisa. Ayumbishe kiwiliwili ili mkono ufuate wenyewe, mbele na nyuma kisha duara dogo, dakika 2, mara 3 kwa siku. Wengi hukosea hapa: wanauzungusha mkono kwa misuli ya bega, na zoezi linakuwa limegeuka. Kisha akae mbele ya meza, viganja juu ya kitambaa, akitelezeshe mbele huku akiinama mpaka aone bega linavutika. Mara 10.

Halafu kusukuma bila mkono kwenda popote. Asimame ubavu wa kulia ukitazama ukuta, kiwiko kimekunjwa nyuzi 90 na kubanwa mbavuni, asukume ukuta kwa mgongo wa kiganja kwa theluthi ya nguvu zake. Ahesabu 10, aachie, arudie mara 10, asubuhi na jioni. Baadaye afanye hivyohivyo kwa ngumi kusukuma mbele, na kwa kiganja kusukuma ndani kwenye fremu ya mlango. Akisukuma kwa nguvu zote ataamsha maumivu ya usiku, na hatapata faida ya ziada.

Kuanzia wiki ya 3 alale chali, ashike mpini wa jembe (bila jembe lenyewe) kwa mikono miwili, mkono wa kushoto uupandishe wa kulia kuelekea juu ya kichwa. Mara 10, mara 2 kwa siku. Na aanze kuvuta ukanda wa mpira.

Kipimo cha maumivu: kati ya 0 na 10, mpaka 4 yanaruhusiwa wakati wa zoezi, mradi kesho asubuhi bega liwe kama lilivyokuwa jana. Likiamka vibaya, apunguze idadi kwa nusu, asiache yote.

Muuguzi Ujiji:
Niongeze kuhusu mpira, maana hapa watu huharibu. Chukua tyubu kuukuu ya baiskeli, kata sehemu ya valvu utupe, pasua kwa urefu upate ukanda wa sentimita 2. Uoshe ule unga wa ndani. Uvute mbele ya dirisha uukague: wenye kiraka au nyufa ndogondogo usitumike, utakatika na kumchapa jichoni. Ufungwe kwenye nguzo ya baraza usawa wa kiwiko. Kitasa cha mlango hakifai, mlango ukifunguliwa mkono unavutwa ghafla.

Taulo lililoviringishwa likae kati ya kiwiko na mbavu. Ngumi ianzie tumboni, itoke nje mpaka ielekee mbele na kupita kidogo. Hesabu 2 kutoka, hesabu 4 kurudi. Kurudi taratibu ndiko kunakojenga kano, na ndiko watu wanakokimbiza. Seti 3 za mara 10, siku moja afanye, moja apumzike. Akifika 15 bila kuhangaika siku mbili mfululizo, aende ukanda wa sentimita 4.

Usingizi: alale chali, nguo iliyokunjwa chini ya kiwiko kisidondoke nyuma, au alalie kushoto akikumbatia mto. Sukari isimamiwe vizuri, kano za mwenye sukari hupona polepole. Sindano ya bega yenye dawa jamii ya steroidi hupandisha sukari kwa siku kadhaa, na ikirudiwarudiwa hudhoofisha kano. Akipendekezewa, amkumbushe daktari kuhusu sukari yake. Na kama anavuta sigara, aache.

Mwana wa Kibirizi:
Asanteni sana. Nimemwonyesha lile la mpira: taulo linadondoka, na bega linapanda kuelekea sikioni. Tuendelee?

Fizio wa Tabora:
Hapana, rudini ukanda mwembamba au msogee karibu na nguzo. Bega likipanda, misuli ya shingo imeshika kazi, na kile kichwa cha mfupa kinabanwa paani kama zamani. Weka kidole chako juu ya bega lake karibu na shingo: ukihisi pamekakamaa kabla ngumi haijatoka, uzito umezidi. Kabla ya kila mvuto avute kwanza bamba la mgongoni (mfupa bapa wa nyuma ya bega) chini na nyuma kidogo, kama anataka kulitia mfuko wa nyuma wa suruali. Heri mara 6 safi kuliko 15 za kupandisha bega. Na akifika kunyanyua mkono pembeni, kidole gumba kitazame juu, kamwe kisitazame chini.

Kuhusu wavu, asiende kabla ya wiki 12. Wiki ya 8 aanze kuvuta mpira kwa mikono miwili kuelekea tumboni, viwiko karibu na mbavu. Baadaye dumu la lita 5 lenye maji lita 2: mkono wa kushoto kwenye benchi, alivute dumu kutoka chini mpaka kiunoni, seti 3 za 10, akiongeza nusu lita kila wiki bega likikubali. Apimwe hivi: je, anainua mkono mara 10 bila bega kupanda? Nguvu ya kusukuma nje inakaribia ya mkono wa kushoto? Analala usiku kucha? Yakitimia yote matatu, aanze kwa usiku mmoja kazini, usiku miwili kupumzika, avute kwa miguu na kiuno, mikono isipite usawa wa kifua. Kuvuta juu ya kichwa kuje mwisho kabisa.

Muuguzi Ujiji:
Na msisubiri hizo wiki 12 ikiwa atateleza mtumbwini na mkono ukashindwa ghafla kunyanyuka. Hapo kano inaweza kuwa imekatika yote, na msuli usiposhikwa husinyaa na kugeuka mafuta, upasuaji wa baadaye ukawa mgumu. Aonwe na daktari wa mifupa ndani ya siku chache, aanzie hospitali ya Maweni hapa Kigoma. Ganzi inayoshuka mpaka vidoleni ichunguzwe shingoni. Bega kuvimba pamoja na homa, au maumivu ya bega yenye kifua kubana na jasho, ni kwenda hospitali saa hiyohiyo. Na akija kufanyiwa upasuaji, ratiba hii yote iwekwe kando: mkono hukaa kwenye mbeleko wiki 4 hadi 6, na mpira huanza kwa ruhusa ya aliyemshona.