Kituo cha kulelea watoto cha kikundi: mbona nafasi zinabaki wazi?

Mwekahazina: Kikundi chetu kina akina mama 30, wengi wachuuzi. Tumefungua kituo cha mchana: nafasi 20, walezi 2, saa 2 asubuhi hadi saa 8 mchana, ada kwa mwezi. Wanaoletwa ni 8 au 9. Wengine bado wanaachiwa dada zao, nao wanakosa shule. Tupunguze ada?

MleziMkuu: Ada iacheni kwanza, tazameni saa. Mchuuzi hufuata mzigo alfajiri na kufunga jioni. Mkifunga saa 8 mnamkatia siku katikati. Fungueni saa 12 hadi saa 12, walezi wapokezane zamu. Halafu walezi 2 hawatoshi. Kwa walio chini ya mwaka, mlezi mmoja asizidishe watoto 3 au 4. Mama akichungulia akakuta kichanga kinalia mkekani bila wa kukibeba, anageuza nacho.

HesabuKwanza: Anayepata pesa kwa siku alipe kwa siku: pokeeni asubuhi, daftarini, mbele yake. Kiwango mnakipata hivi: posho za walezi, chakula, kodi, maji, sabuni, jumla ya siku moja mgawe kwa watoto 14, si 20, maana hawafiki wote siku moja. Mkigawa kwa 20, pengo litaliwa kwenye posho ya mlezi, naye ataondoka. (Mlezi naye ni mwanamke wa kazi, jamani.)

NesiZamu: Wanaonyonyesha wanaangalia umbali. India, tangu sheria ya uzazi iliporekebishwa 2017, mwajiri wa watu 50 na zaidi anatakiwa kuwa na kituo, na mama aruhusiwe kumwona mtoto mara 4 kwa siku. Kama kituo kiko mbali na biashara, akamue. Maziwa hukaa muda wa saa 4 kwenye chumba kisichozidi nyuzi 25. Chini ya bati bila dari kuna joto zaidi, msiyafikishe saa hizo 4. Chombo kiwe na mfuniko, jina na saa ya kukamua. Mnywesheni kwa kikombe, chupa ni ngumu kusafisha.

Mwekahazina: Na mtoto akiugua mchana?

NesiZamu: Mafua bila homa, abaki, mkirudisha kila kamasi mama anapoteza siku yake. Homa, kuhara au kutapika, mtengeni, aendelee kunyonya au kunywa, mama aitwe. Siku ya kuandikisha chukueni namba mbili, ya pili iwe ya jirani yake wa meza. Ya mama mara nyingi haina chaji.