Tupeane uzoefu: muziki ukizimwa wewe ni nani, na kazi yako inaisaidiaje sauti?

Mwalimu wa fizikia (mwanzisha mada):

Wakuu, tumezoea kujuana kwa vifaa. Huyu mtu wa hedifoni, yule mtu wa santuri, mwingine hana neno ila sabufa (spika ya besi nzito). Safari hii tujuane kwa tunachofanya muziki ukiwa umezimwa. Taja kazi au burudani yako nyingine kwa mstari mmoja tu, kisha utoe maarifa yake ambayo mwenzako anaweza kuyafanyia kazi: vipimo, hatua, na panapoharibika.

Naanza. Nafundisha fizikia, na somo la mawimbi lina kazi kubwa sebuleni. Pima urefu wa chumba kwa mita, zidisha kwa 2, kisha gawa 343 kwa jibu ulilopata. Hiyo 343 ni mwendo wa sauti hewani kwa mita kila sekunde. Chumba cha mita 5 kitakupa 34 Hz (mitetemo 34 kwa sekunde), upande wa mita 4 utakupa 43 Hz, dari ya mita 2.7 itakupa 64 Hz hivi. Masafa hayo chumba chenyewe kinayakuza. Katika wimbi la kwanza la kila upande, besi hujaa ukutani na kufifia katikati. Ndiyo maana mwenye kochi lililogusa ukuta analalamika besi inavuma, na aliyekaa katikati kabisa anasema spika hazina besi, ilhali spika ni zilezile. Chumba cha mraba kina shida zaidi kwa sababu pande mbili zinakuza masafa yaleyale.

Sogeza kiti kwanza, kabla hujafikiria kununua chochote. Anzia sehemu iliyo karibu asilimia 38 ya urefu wa chumba kutoka ukutani, yaani mita 1.9 katika chumba cha mita 5, kisha songa mbele au nyuma sentimita 20 kila mara huku ukipiga wimbo uleule. Kwa sabufa fanya kinyume: iweke juu ya kiti unachokalia, piga wimbo wenye besi inayotembea, halafu pita pembezoni mwa chumba ukiwa umeinama kichwa kiwe usawa wa sabufa. Pale noti zote zinaposikika kwa nguvu inayolingana, ndipo pa kuiweka sabufa.

Seremala:

Mwalimu umefungua vizuri. Mimi ni seremala wa makabati na milango, na boksi la spika ni kabati lenye masharti makali.

Tumia MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa) ya milimita 18. Mbao halisi inapendeza lakini hujikunja na kufunguka kadiri unyevu wa hewa unavyobadilika, na ufa mdogo kwenye boksi lililozibwa unaharibu besi. Kosa la kwanza la wengi ni kupima nje. Ujazo unaohesabiwa ni wa ndani. Ukitaka ndani kuwe na sentimita 30 kwa 20 kwa 35, hizo ni lita 21, basi nje utapata 33.6 kwa 23.6 kwa 38.6. Kisha toa ujazo wa kila kinachokaa ndani: mgongo wa wufa (spika ya besi), bomba la hewa, na mbao za kukaza. Usipotoa, unadhani una lita 21 kumbe zimebaki 19.

Ukingo wa MDF unakunywa gundi. Paka gundi nyepesi iliyochanganywa na maji kidogo, acha ikauke, ndipo upake gundi halisi ya mbao na kubana kwa klempu. Skrubu isiingie ukingoni bila kutobolewa njia kwa keekee, maana MDF inapasuka katikati ya tabaka zake. Toboa kwa ncha nyembamba kuliko skrubu, na ukae angalau milimita 25 kutoka kona. Tundu la wufa likatwe kabla ya kuunganisha boksi. Weka ubao wa kukaza kati ya pande mbili ndefu, lakini usiuweke katikati kabisa; ukisogea kidogo upande mmoja, vipande viwili vinavyobaki havitetemi kwa masafa yaleyale.

Ndani ziba kila kiungo kwa gundi au silikoni. Silikoni ikiwa ya aina inayonuka kama siki, iache ikauke kabisa hadi harufu iishe kabla ya kufunga wufa, kwa sababu mvuke wake unakula metali. Kulijaribu boksi lisilo na bomba, sukuma koni ya wufa polepole kwa vidole vilivyotawanywa, kisha achia. Ikirudi taratibu, boksi limeziba. Ikirudi papo hapo, kuna pa kuvuja, na mara nyingi ni kwenye vituo vya waya nyuma.

Mwalimu wa fizikia:

Fundi, nikuongezee hesabu ya bomba la hewa kwa wanaotaka boksi lenye tundu. Kipenyo cha bomba kwa sentimita kizidishe chenyewe kwa chenyewe, halafu zidisha kwa 23,560. Gawa kwa lita za boksi zikizidishwa kwa masafa unayotaka, kisha kwa masafa hayohayo tena (lita mara masafa mara masafa). Mwisho toa kipenyo mara 0.73. Mfano: lita 20, masafa 50 Hz, bomba la sentimita 5. Jibu ni kama sentimita 8. Kata sentimita 9 kwanza, sikiliza, kisha punguza. Bomba lililokatwa fupi halirefuki. Mdomo wa ndani uachwe mbali na ukuta wa boksi angalau kwa kipenyo chake.

Fundi wa vifaa vya umeme:

Natengeneza vifaa vya nyumbani: pasi, feni, jiko la umeme. Amplifaya ya zamani ina tabia moja ambayo pasi haina, nayo ni kwamba ukichomoa waya bado ina umeme. Kapasita (vihifadhi umeme) kubwa za 10,000 µF (maikrofaradi) zenye volti 50 zinaweza kukushtua au kuyeyusha ncha ya bisibisi. Usizikutanishe nguzo zake kwa bisibisi. Chukua rezista ya ohm 470 yenye uwezo wa wati 5, ishike kwa koleo lenye mpira, iguse kwenye nguzo mbili kwa nusu dakika, kisha hakikisha kwa mita kwamba volti zimeshuka chini ya 1.

Mngurumo unasema ulikotoka ukiusikiliza vizuri. Chomoa vyanzo vyote vya muziki. Ukiisha, tatizo ni mzunguko wa ethi kati ya vifaa: viunganishe vyote kwenye soketi moja ya ukutani, na waya za sauti zisilale sambamba na za umeme, zikikutana zivukane kwa pembe mraba. Ukibaki, sikiliza unene wake. Penye umeme wa 50 Hz, mngurumo mzito wa 50 Hz kwa kawaida unaingia kutoka nje, na ule wa 100 Hz, mkali kidogo, unaashiria kapasita za kuchuja zilizochoka. Penye umeme wa 60 Hz ni 60 na 120. Kuna watu wanakata waya wa ethi ili mngurumo uishe. Naomba sana msifanye hivyo. Ethi ndiyo inayokulinda siku waya wa moto utakapogusa mwili wa chuma.

Kapasita mpya iwe na µF zilezile na volti sawa au zaidi, na alama ya hasi ikae palepale ilipokuwa. Baada ya ukarabati usiichomeke moja kwa moja. Unganisha balbu ya uzi ya wati 60 kwa mfululizo kwenye waya wa moto. Ikiwaka ghafla kisha ikafifia, kapasita zimejaa na hali ni salama. Ikibaki inang'aa, kuna shoti, na balbu imekuokolea transista. Balbu ya LED haifai kwa kazi hii. Kabla ya kurudisha spika, pima volti za DC kwenye vituo vya spika vya amplifaya: chini ya milivolti 50 endelea, volti nzima acha, utaunguza wufa.

Mshonaji:

Nashona mapazia na makochi. Kitambaa cha kufunika paneli za kunyonya sauti kijaribiwe mdomoni: kiweke mbele ya midomo na upulize. Hewa ikipita bila kugoma, sauti nayo itapita. Ngozi bandia na kitambaa chenye plastiki nyuma vinarudisha sauti chumbani.

Ndani weka rokiwuli (sufi ya mawe) ya sentimita 10, fremu ya mbao pembeni, na uache nafasi ya sentimita 10 kutoka ukutani. Nafasi hiyo haikugharimu kitu na inashusha masafa yanayonyonywa. Vaa glavu na barakoa unapokata. Kitambaa kivutwe kutoka katikati kwenda kona, kila upande kwa zamu, pini kila sentimita 5. Ukianzia kona utapata mikunjo isiyotoka.

Mpenda hedifoni:

Dada mshonaji, trei za mayai je? Naona wengi wanabandika.

Mshonaji:

Hazisaidii. Ni karatasi nyembamba, zinagusa sauti za juu kidogo tu na besi inapita kana kwamba hakuna kitu. Tena zinashika moto haraka. Blanketi zito lililokunjwa mara mbili linafanya zaidi, japo nalo haliwezi besi.

Afisa usalama kazini:

Napima kelele viwandani. NIOSH, taasisi ya usalama na afya kazini ya Marekani, inapendekeza kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda unagawanywa kwa 2: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa 1. Kwa usikilizaji wa burudani Shirika la Afya Duniani linataja desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Wenye spika za masikioni, hatari yenu iko safarini, mnapoongeza sauti ili kushinda injini. Tafuteni mpira unaoziba sikio sawasawa. Usipoziba, besi inapotea, nawe unaongeza sauti kufidia.

Mrekodi wa ndege:

Burudani yangu ni kurekodi ndege alfajiri, upepo ukiwa umetulia. Weka biti 24 na 48 kHz, na kilele cha sauti kisizidi −12 dB, kwa sababu ndege akihamia tawi la karibu sauti yake inapanda ghafla. Ukisogea nusu ya umbali unapata desibeli 6 za ziada bila kelele ya mashine, jambo ambalo kitufe cha kuongeza sauti hakiwezi. Sponji pekee haizuii upepo wa kweli, inahitaji manyoya juu yake. Washa kichujio kinachokata sauti za chini ya 80 Hz.

Fundi saa:

Kwa watu wa santuri. Mkono wa sindano kwanza usawazishwe uelee wenyewe, kipimo kisomwe 0, ndipo uongeze gramu alizoandika mtengenezaji, mara nyingi kati ya 1.5 na 2. Uzito mdogo mno ni mbaya kuliko mkubwa kidogo, kwa sababu sindano inaruka-ruka na kugonga kuta za mfereji. Sindano isafishwe kwa brashi kutoka nyuma kuja mbele tu. Kasi ijaribuni kwa kipande cha karatasi pembeni mwa sahani: mizunguko 100 itimie ndani ya dakika 3 kamili, hiyo ni 33⅓.

Mpenda hedifoni:

Fundi, nimerithi santuri za zamani za mizunguko 78. Nizisafishe kwa spiriti?

Fundi saa:

Hapana mkuu! Nyingi za hizo ni za shelaki (aina ya utomvu), na spiriti inaiyeyusha. Tumia maji yaliyotoneshwa yenye tone la sabuni laini, kitambaa cha pamba, fuata duara la mfereji, na lebo isilowe. Wala usizipige kwa sindano ya santuri ndefu (LP, zile za 33⅓): ncha yake ni kama maikroni 18, na mfereji wa 78 unahitaji karibu 75. Ile nyembamba inakwaruza chini ya mfereji, na utasikia mchanga mtupu.