Saratani ya pafu: kisu, mionzi au kemo? Tunatakiwa kuamua wiki hii

MwanaMkubwa: Habari zenu wakubwa. Baba amegundulika na saratani ya pafu. Daktari mmoja anasema afanyiwe upasuaji, mwingine anasema mionzi, jirani naye anaapa kuwa kemo, yaani dawa kali za kuua seli za saratani, ndiyo mpango mzima. Ipi bora?

Nahodha: Pole sana ndugu. Ila hujasema hatua ya ngapi, wala kama ni ya seli ndogo au siyo. Isiyo ya seli ndogo ndiyo ya wengi, kama 85 kwa kila 100. Ya seli ndogo hukimbia, na mara nyingi kemo ndiyo huanza. Bila hayo tunapiga ramli tu.

Bi_Nuru: Na umri je? Pumzi? Mimi ni mtu wa kisu. Uvimbe ukiwa sehemu moja na matezi ya kifuani yakiwa safi, utolewe mapema.

MwanaMkubwa: Ana miaka 71, hajawahi kuvuta sigara. Majibu yameandikwa adenokasinoma. Hatua bado, tunasubiri skani. Akipanda ngazi anahema.

Nahodha: Adenokasinoma ni aina mojawapo ya isiyo ya seli ndogo. Bi Nuru, anayehema ngazini unamkimbiza kwenye kisu? Apimwe nguvu ya mapafu kwanza. Uvimbe mdogo usiosambaa unaweza kupigwa mionzi ya kulenga kwa vipindi vichache tu. Na kama umesambaa, dai uvimbe upimwe vinasaba, EGFR na ALK, ambavyo vikibadilika huchochea saratani, kabla ya kuanza dawa yoyote. Mabadiliko ya EGFR yakionekana kuna vidonge, mfano osimertinib, kimoja kwa siku, anameza akiwa nyumbani. Mabadiliko hayo huonekana zaidi kwa wasiovuta sigara.

Tegemeo: Mtaambiwa pia kuhusu tiba ya kinga, dawa ya dripu inayoamsha kinga ya mwili ipambane na saratani. Mama yangu alipewa, uvimbe ukasinyaa, tukashangilia. Baadaye kikohozi kikavu kikaanza, halafu akawa hawezi kumaliza sentensi bila kupumzika. Kituo cha karibu kikampa antibayotiki, haikusaidia, kikampa nyingine. Hakuna aliyeuliza anatumia dawa gani ya saratani! Kumbe kinga yake yenyewe ilikuwa inashambulia mapafu. Daktari wake wa saratani alipomwona alisimamisha dripu siku hiyohiyo, akamwanzishia steroidi, dawa ya kutuliza kinga, pumzi ikarudi taratibu. Mgonjwa wa tiba hii akikohoa upya au akiharisha, mpigieni daktari wa saratani kwanza.

MtiMkavu: Jaribuni mitishamba kabla ya hayo yote.

Bi_Nuru: Hapana. Baadhi huumiza ini na kugongana na dawa, na uvimbe hausubiri mtu.

Shangazi_K: Mwanangu, mzee mwenyewe anataka nini?

MwanaMkubwa: Shangazi, mama hataki aambiwe. Anajua ni uvimbe tu.

Tegemeo: Mwambieni. Yeye ndiye atakayetia saini na kuvumilia kichefuchefu.

Bi_Nuru: Siyo kila mzee anahimili neno hilo. Mama yake anamjua kuliko sisi.

Shangazi_K: Basi aulizwe anataka kujua kiasi gani. Wazee wengi wameshahisi, wanakaa kimya kutulinda sisi.

MwanaMkubwa: Nitazungumza na mama. Kuhusu vinasaba, wakisema nyama waliyochukua haitoshi?

Nahodha: Damu inaweza kupimwa. Ila isipoonyesha kitu, usihesabu kuwa hakuna. Watachukua nyama tena. Skani ikitoka, weka majibu hapa.