Tupeane uzoefu: safari ya mapumziko kwa hela ndogo, ulienda wapi na uliwezaje?

Habari zenu wakuu. Naanzisha hii mada kwa moyo mmoja kabisa kwa sababu naona watu wengi tunaamini kutalii ni kwa wazungu na wenye magari ya maana, sisi wengine likizo ni Desemba kwenda kijijini kuchangia harusi na misiba basi. Mimi nimeishi Dar na mke wangu miaka 8 na hatukuwahi kusafiri mahali ambapo hatuna ndugu, mpaka siku moja binti yangu wa miaka 9 karudi shule akaniuliza baba mlima unafananaje kwa karibu. Hilo swali lilinikaa.

Tukaanza kibubu mwezi wa kwanza, 10,000 kila jumapili, haiguswi hata gesi ikiisha. Kufikia mwisho wa mwezi wa sita ilikua 260,000, nikaongeza 190,000 ikawa 450,000, tukaamua Lushoto. Hesabu yenyewe iko hivi: siti 4 za basi kwenda na kurudi 176,000, gesti siku 3 chumba kimoja kikubwa 30,000 kwa siku (wakatuongezea godoro chini bure, tuliomba tu kwa adabu), zilizobaki ndio chakula na kuzunguka. Na tulirudi na 21,000 mkononi!

Sasa raha yenyewe. Basi likifika Mombo linaacha barabara kuu linaanza kupanda, kona juu ya kona, upande mmoja ukuta wa mlima upande mwingine bonde na maporomoko ya maji, watoto wamebandika pua dirishani hakuna anayeomba simu ya kuchezea. Asubuhi yake mwanangu mdogo wa miaka 6 kaamka kaona mvuke unatoka mdomoni akaja kutuamsha anadhani anaumwa 😂 maana mtoto wa Mbagala baridi ile hajawahi kuiona. Julai kule ni baridi kweli, bebeni majaketi, tena nendeni nayo, msiende kununulia kule.

Irente tulienda kwa miguu kutoka mjini, watoto walitembea wote bila kubebwa kwa sababu njiani kuna mashamba, ng'ombe, watu wanasalimia. Unafika pale ukingoni unaona nchi yote ya chini imetandazwa kama mkeka, barabara na vijiji vinaonekana vidogo. Tulikaa masaa matatu na maparachichi tuliyonunua sokoni na mkate. Mke wangu hakuongea muda mrefu, halafu akasema kumbe tungeweza siku zote. Nikanyamaza maana ni kweli.

Karibuni na nyie, mtaje na gharama ili mtu apige hesabu.

dada_wa_reli
Umenikumbusha mbali sana mkuu. Mimi yangu ilikua 2019, nikiwa mwenyewe, mwanamke, bila kampani. Nilipanda TAZARA kutoka Dar mpaka Mbeya daraja la pili la kulala, chumba cha vitanda sita na wanawake tunakua na chumba chetu wanaume na chao, kwa hiyo wale mnaoogopa kulala na watu msiowajua hilo ondoeni. Ndani ya chumba tulikua na bibi mmoja anarudi Makambako, wadada wawili wa biashara na mama na mtoto mchanga, mpaka tunafika tulikua kama ndugu, bibi kanifundisha kubana nywele.

Treni inapita ndani ya hifadhi, ile iliyokua Selous sasa Nyerere, na mimi jioni ile nimeona twiga na swala na tembo kwa nauli ya treni tu, hakuna aliyenitoza kiingilio. Usiku unalala. Ukipita Mlimba ndio njia inaanza kupanda kwenda Makambako, mahandaki moja baada ya jingine, giza, mwanga, giza, na madaraja ambayo ukichungulia chini unashika chuma. Kila stesheni watu wanauza dirishani, ndizi, karanga, mahindi, mchele. Mimi nilikua na kontena langu la chapati na mayai kwa hiyo chakula njiani sikutumia hata 5,000.

Mbeya nikachukua gari za Kyela, nikaenda mpaka Matema, ziwa Nyasa. Jamani Matema. Maji yametulia, milima ya Livingstone imesimama pale pale pembeni ya maji, mchanga, na wakina mama wa Kikisi wanaleta vyungu vyao kwa mitumbwi kutoka Ikombe. Nilinunua kimoja bado napikia maharage hadi leo. Nililala siku 4 kwenye nyumba za kanisa, pasafi, kimya, bei ya kawaida, nakula wali wa Kyela na samaki. Kwa mwanamke anayesafiri peke yake ushauri wangu ni mmoja: fika mchana. Popote unapoenda panga ufike jua lipo, hata kama basi la usiku ni rahisi zaidi. Ile elfu kumi unayookoa usiku hailingani na kutafuta gesti gizani na begi mgongoni.

mpenda_bahari
Naomba niongee la Zanzibar maana watu wanapaogopa kwa bei, na mimi nilianza vibaya. Niliona tangazo mtandaoni chumba cha bichi bei chee, nikatuma advansi 60,000 kwa simu, kufika namba haipatikani na nyumba yenyewe wenyeji hawaijui. Nililia pale barabarani kwakweli, ilikua hela ya mwezi mzima ya kujinyima. Tangu siku hiyo sitoi hela kabla sijaona mlango wa chumba, na kama lazima advansi basi nampigia kwanza mtu yeyote wa eneo lile, dereva au muuza duka, aniulizie.

Kilichookoa safari ni kwamba mama mmoja muuza juisi alinielekeza gesti ya wenyeji mitaa ya ndani mjini, feni na neti, chai asubuhi, 25,000. Mchana nazunguka Mji Mkongwe kwa miguu, ile milango ya kuchonga haina kiingilio. Nilikula urojo wa mtaani mchana, ukishiba huna haja ya hoteli. Jioni Forodhani, ila pale ulizeni bei kabla hamjashika mshikaki, sio baada. Siku ya pili nikapanda daladala namba 309 mpaka Jambiani na wenyeji na magunia yao, nauli ya kawaida kabisa wakati teksi wananitajia dola. Maji yakipwa pale bahari inarudi mbali hadi unatembea kwa miguu kuwafuata wakina mama wanaolima mwani, nilikaa nao nikawasaidia kufunga kamba, wakanipa na dafu.

Na mkienda mwezi wa Ramadhani jueni mchana mikahawa mingi ya wenyeji inafungwa na kula hadharani sio heshima, lakini ikifika futari hutalala njaa, mimi nimeitwa kwenye mikeka ya watu nisiowajua.

Wa Nairobi
Hamjambo majirani. Sisi huku tulifanya na chama, tuko wasichana 6, kila mwezi tunachanga na badala ya kununuliana sufuria tukasema mwaka huu ni Mombasa. Treni ya SGR economy ni shilingi 1,500 za Kenya kwenda tangu waongeze Januari 2024, zamani ilikuwa 1,000, lakini ukilinganisha na basi la usiku bado iko sawa na unapita Tsavo mchana unaona ndovu wekundu kwa sababu ya ule udongo. Book mapema sana, wikiendi na sikukuu tiketi zinaisha.

Tulienda Mei, msimu wa mvua, bei za nyumba zilikuwa chini karibu nusu ya Disemba na mvua yenyewe ilinyesha asubuhi tu. Tulichukua nyumba ya vyumba viwili yenye jikoni Nyali, tukagawana watu sita. Kiamsha kinywa mahamri na mbaazi za mama wa kwa kona, mchana tunapika samaki tuliyenunua kwa wavuvi wenyewe, jioni Mama Ngina pale baharini mihogo ya kukaanga na ndimu na pilipili, meli kubwa zinapita karibu. Feri ya Likoni ukiwa kwa miguu hulipi chochote, tulivuka tu na kurudi kwa raha yake. Hela yetu kubwa moja tuliiweka kwa dau, tulikodi la masaa matatu jua likizama. Hayo mengine tulikula chini ili hiyo dau tusiikose.

mwalimu_mkuu_msaidizi
Hapo kwa dau umesema kitu dada. Sisi walimu 14 kitu chetu kikubwa kilikua gari. Treni ya SGR Dar hadi Moro 13,000, tukakodi Kosta pale Moro 250,000 kwa siku tukagawana kama 18,000 kila mtu, mpaka Mikumi. Kiingilio cha raia tulilipa 5,900 tu, nimekutana na walimu wenzangu wa miaka 20 kazini wanadhani ni laki! Bebeni kitambulisho cha NIDA na salio kwenye simu, getini hawapokei keshi, unapewa namba ya malipo. Chakula tulibeba pilau kwenye mapoti. Tumeona simba wawili chini ya mti, viboko, nyati, na mwenzetu anayefundisha sayansi darasa la nne alikua analia machozi kwa sababu kafundisha pundamilia tangu 2006 kutoka kwenye picha.

mtu wa Leipzig
Kwa tuliopo Ujerumani: ile tiketi ya mwezi ya nchi nzima, Deutschlandticket, ilianza Mei 2023 kwa euro 49, ikapanda 58 mwaka 2025. Haifai kwenye ICE, zile treni za kasi, ila treni zote za mikoa, mabasi na tramu unapanda. Nimezunguka nayo Hamburg, Dresden, mpaka bahari ya Rostock, na chapati zangu kwenye begi. Berlin kuba la bunge kupanda ni bure, unajiandikisha kabla. Ikiwa unaitaka mwezi mmoja tu ifute kabla ya tarehe 10, vinginevyo inaendelea kukata.

gesti_ngapi
Swali kwa mtoa mada, hiyo gesti ya Lushoto ilikua na maji ya moto? nina mama mzee nataka nimpeleke

Mtoa mada
Ndio mkuu, wanakuletea ndoo ya moto asubuhi na jioni. Waambie una mzee watakupa chumba cha chini. Mpeleke usisubiri.

kijana_wa_mwanza
Nimesoma hapo kwa mama mzee nikaona niandike. Mama yangu ana miaka 68, amezaliwa na kukua anaona ziwa kila siku na hajawahi kulivuka. Novemba iliyopita nikamkatia tiketi ya meli ya Victoria kwenda Bukoba, daraja la tatu, hela yangu ilifika hapo. Meli inaondoka jioni inafika asubuhi. Nilimbebea blanketi na mto na chupa ya chai, nikadhani atalala. Hakulala. Alikaa kwenye ukingo na khanga kichwani mpaka taa za Mwanza zikapotea, saa kumi usiku bado yuko pale ananiuliza hapa kina chake kitakua kiasi gani, na jua lilipotoka juu ya maji akasema jina la baba yangu tu, baba alikua mvuvi.

Bukoba tulikaa siku mbili, ndizi, samaki, na ulikua msimu wa senene wanauzwa kila kona, akawaonja akasema hapana akaonja tena akanunua kopo zima la kupeleka nyumbani. Gharama yote sisi wawili haikufika laki mbili.

Juzi nimeenda kumsalimia, kafungua Biblia kutafuta neno, tiketi ya meli ikadondoka. Kaiokota kairudisha ukurasa ule ule.