Re: Cheti cha Mzee: Mwa- imekuwa Mwe-, mwili bado uko mochwari

Binti wa Uyole (Reading)
Shikamooni wakubwa, wadogo habari zenu. Asanteni kwa rambirambi na michango. Nina swali moja tu. Juzi nilikwenda kusajili kifo cha Baba hapa Uingereza. Karani alinigeuzia skrini nihakiki, nami machozi yananitoka, nikasema sawa, nikatia saini, nikanunua nakala 4 kwa pauni 12.50 kila moja. Kufika nyumbani naona jina la ukoo linaanza na Mwe-. Pasipoti ina Mwa-. Leo dirisha la mwisho, pale ubalozini, wamegoma kugonga mhuri kwa kuwa majina hayalingani. Fomu 104 ya kusafirisha mwili nje ya England iko kwa koronea (ofisa anayechunguza vifo), jeneza la zinki limeshalipiwa. GRO, ofisi kuu ya usajili, huchukua siku ngapi kurekebisha herufi moja? Mama yuko Uyole, Mbeya, kila asubuhi anapiga: "Ameshaondoka stesheni?"

Mama Pacha (Leicester)
Pole sana mwanangu. Sisi tulipofiwa na shemeji yangu 2019 tulipewa MCCD, ile hati ya daktari ya sababu ya kifo, mkononi, tukaipeleka wenyewe. Rudi wodini, mbembeleze daktari akuandikie nyingine yenye Mwa-. Na vaa koti, nje kunauma.

Kaka Nesi (Leeds)
Mama Pacha, kwa heshima zote, hayo yalishapita. Tangu tarehe 9 Septemba 2024 mfiwa haishiki MCCD. Inapita kwa ME (daktari mkaguzi wa vifo), na ME ndiye anayeituma kwa msajili. Msimzungushe dada wa watu wodini bure. Dada, beba pasipoti ya Mzee urudi kwa msajili uombe sahihisho. Ila ujue sahihisho huandikwa pembeni ya ukurasa, lile kosa halifutwi. Hiyo Mwe- itabaki hapo daima.

Mama Pacha (Leicester)
Nimesema ya 2019, sikusema ya leo. Kusoma nako ni kazi.

Dada wa Glasgow
Mbona mnampeleka kwa koronea? Huku hatuna koronea kabisa.

Kaka Nesi (Leeds)
Kwa sababu Reading haiko Scotland. Binti wa Uyole, ile karatasi ya kijani ya msajili, ya kuruhusu mazishi, umeiambatanisha na 104? Kama unayo nyumbani ipeleke kwao, wanaitaka. Hesabu siku 4 za koronea kabla hujakata tiketi.

Mzee wa Coventry
Poleni sana. Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Lakini jamani, Mnyakyusa ukimnyang'anya Mwa- amebaki na nini? Na yeye ana nafuu, amekufa na pasipoti ya nyumbani. Mimi niliyechukua ya Mfalme wa Uingereza nitarudishwa kwetu kama mgeni. Tumelilia uraia pacha miaka yote hiyo, tumepewa Hadhi Maalum, ambayo si uraia. Ninyi vijana mnapiga makofi. Nisianze, presha itapanda.

Kaka Nesi (Leeds)
Umeshaanza, Mzee.

Binti wa Uyole (Reading)
Ya kijani nimepeleka, asante kaka. Kinachonichoma zaidi ni sehemu ya kazi. Wameandika "Dereva (mstaafu)". Dereva wa nini, teksi? Baba aliendesha treni ya TAZARA. Alizijua zile kona na mahandaki kati ya Mlimba na Makambako kama anavyojua vyumba vya nyumba yake. Kila safari akipita Ifakara alimletea Mama mchele. Mama ni wa Kyela! Mtu wa Kyela unampelekea mchele wa Ifakara! Mama alikuwa anasonya, anaupokea, anaupika siku hiyohiyo, na Baba anakula anatazama sahani tu, hathubutu kuusifia.

Mama alipopooza mguu, Baba ndiye aliyekuwa anamkanda kila jioni kwa maji ya moto, redio sikioni. Hapa alikuja kumwona mjukuu, miezi miwili tu. Dirisha letu linatazama reli. Anamweka mtoto pajani, saa mkononi: "Imechelewa dakika tatu. Huyu dereva angekuwa wangu angeandika barua." Mjukuu ana miaka 4, jana kapita treni akaniambia, "Mama, hii imechelewa na babu hajasema."

Samahani kwa kuwachosha.

Mama Pacha (Leicester)
Hujachosha mtu. Nalia hapa stendi ya basi. Na huko kwenu sasa hivi mvua, ndizi, chai ya Tukuyu… Tunakaa huku kutafuta nini?

Dada wa Glasgow
Bili ya gesi.

Mzee wa Coventry
Binti, hiyo TAZARA niliipanda mwaka 1978 hadi Kapiri Mposhi, nikashuka miguu imevimba. Kilomita 1,860 si mchezo. Baba yako alikuwa Ekspresi au Odinari?

Binti wa Uyole (Reading)
Zote mbili, Mzee. Kuna anayejua GRO wanachukua siku ngapi? Kutoka Dar hadi Uyole bado ni zaidi ya kilomita 800 za barabara, na wazee wanataka tarehe ya kuchimba kaburi.

Shemeji wa Milton Keynes
Poleni na msiba. Nimetuma kidogo nilichojaliwa. Samahani kuingilia, kwa wanaojua: mama mkwe BRP yake (kadi ya ukaazi) iliisha, eVisa ya mtandaoni inamgomea kwa kuwa simu yake ni ya vitufe. Naweza kutumia namba yangu au nitaharibu?

Kaka Nesi (Leeds)
Shemeji, fungua mada yako.

Mama Pacha (Leicester)
Mwacheni, hata mimi nataka kujua.