Siku ya kwanza kwenda kuangalia ndege milimani: tupeane uzoefu

Wakuu, habari za Jumapili. Naanza mimi, nyie mtamalizia.

Nilipandia gari Muheza kwenda msitu wa Amani, Usambara Mashariki. Ukishapita Sigi ni kona juu ya kona, masikio yanaziba. Nikashuka kifua mbele: darubini mpya shingoni, kitabu cha ndege mkononi, na orodha ndefu. Nilimtaka chozi wa Amani, kidege anayefyonza maua, na yule kidege mwingine wa mdomo mrefu ambaye nje ya Usambara Mashariki labda umkute kaskazini mwa Msumbiji.

Hadi saa nne nimeona ukungu na majani. Mzee aliyekuwa ananiongoza hakuwa hata na darubini. Akaniambia, "Hebu shusha hilo dude kwanza. Unasikia nini?" Nikamjibu, "Ndege." Alicheka mpaka akashika mti. Kisha akaanza kunihesabia kwa vidole: yule kule bondeni, huyu kwenye matete, na hawa wawili ni dume na jike wanaitikiana. Kumbe saa zote zile nilikuwa nimezungukwa.

Hondohondo, wale ndege wakubwa wa midomo mizito, ndio walionionea huruma. Unasikia kwanza mabawa, fyuu, fyuu, kama mtu anakung'uta mkeka, halafu wanapita juu ya mashamba ya chai. Chozi wa Amani anakaa kileleni kabisa mwa miti, kwa hiyo nilichopata siku hiyo ni maumivu ya shingo. Usiku nililala chali kama ubao.

Mtaita wa Mombasa: Pole kaka. Mimi ni wa Taita lakini nilikulia Pwani, msitu wa Ngangao kwenye Vilima vya Taita nimeingia nikiwa mtu mzima, aibu tupu. Nilivaa shati jeupe pe, ndege wanakuona toka mbali. Kijana wa pale hakusema kitu, alivua sweta lake la kijani akanipa, yeye akabaki anatetemeka. Apalisi wa Taita, kidege cha msituni, nilimwona dakika kama mbili, kijivu, mdogo kuliko kidole gumba ukimtazama kwa mbali. Msitu wenyewe ni hekta 120 hivi. Ukifikiria ndege huyo hana kwao kwingine zaidi ya vilima hivyo, unaondoka kimya.

Kibegi: Mimi nilikwenda milima ya Udzungwa kama mbeba mizigo, si mtalii. Jioni ya kwanza mgeni mmoja akaja jikoni kuchungulia sufuria. Nikajua anadharau mapishi yetu, nikanuna. Baadaye ndio nikaelezwa: mwaka 1991 watafiti kutoka Denmark waliona miguu ya ajabu ndani ya sufuria ya chakula kambini, na hivyo ndivyo kwale wa Udzungwa alivyojulikana kwa wanasayansi. Wanakijiji walikuwa wanamla siku zote! Tangu hapo kuku nikimpika kambini, miguu naiweka juu makusudi.

Dada Korogwe: Siku yangu ya kwanza tulitoka usiku, Amani hapohapo, kumtafuta bundi wa Usambara. Nikakosea nikamwambia mama. Akapiga simu mara tatu: "Mwanangu, watu wanamfukuza bundi asitue kwenye paa, wewe unatoa hela kumfuata porini?"

Tulimpata saa tatu na nusu, katulia kwenye tawi, macho ya rangi ya machungwa. Mama nimemwambia mvua ilinyesha tukarudi.